Zamani Mtalii Alikuwa Mwanafunzi

Ukimwuliza mtoto wa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa leo mtalii ni nani, hatababaika. Wa Changamwe atakwambia ni yule ashukaye ndege katika uwanja wa Moi. Wa Likoni atakwambia ni yule avukaye feri kwenda zake Diani. Na wa Kisauni atakuonyesha mahoteli ya Nyali, Bamburi na Shanzu. Wote watatu watakuwa wamepata. Ila wazee wa zamani wangalishangaa, kwani katika Kiswahili walichokijua wao, kutalii, na wengine wakitamka kutaali, kulikuwa ni kukaa na kitabu ukakipitia kwa makini hata ukafahamu kilichomo. Mtalii alikuwa mwanafunzi.

Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na kila penye kusomwa elimu ya dini kwa vitabu, mutalaa ni kazi inayojulikana: mwanafunzi hukitazama kitabu peke yake, nje ya darsa, akajua wapi ameelewa na wapi amekwama. Jinsi neno lilivyotoka kitabuni likaenda pwani kwenye mchanga si vigumu kukisia. Achunguzaye kitabu na achunguzaye nchi ya watu wote wanatazama wasichokijua. Lugha hukua, na wala sina ugomvi na wanaoishi kwa kazi za mahoteli, ambao ni jamaa zetu. Lakini hebu lisikilize jina la Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, kwa sikio la mzee wa zamani. Kwake yeye chuo ni kitabu, ndiyo maana mwenye elimu akaitwa mwanachuoni, na utalii ni kusoma kwa makini. Angalidhani ametajiwa kitabu cha kudurusu, kumbe ni mahali pa kufundishia upishi na utandikaji wa vitanda!

Linalonisumbua si kwamba neno limepata maana mpya, bali kwamba ile ya kwanza imeachwa bila neno lolote la kushika mahali pake. Wazee hawakuiita kila shughuli ya kitabu kusoma. Kusoma kulikuwa ni kuzitamka herufi zikatoka sawasawa. Kuhifadhi ni kuyaweka maneno kifuani. Kukariri ni kuyarudia, na kudurusu ni kulirejea somo lililokwisha pita ili lisipotee. Kuhitimu kulikuwa ni kuimaliza Kurani, kabla shule hazijalichukua neno hilo kwa vyeti vyao. Kisha ndipo kutalii, halafu kutafakari, na juu yake taamuli, ambayo ni kulitazama jambo kwa utulivu mpaka likakuonyesha upande wake wa pili. Na penye jambo zito la watu wengi palikuwa na mashauri. Mtu hakukurupuka na rai yake ya peke yake.

Hiyo ilikuwa ngazi, na kila kipandio kilikuwa na jina lake. Leo tumebakiwa na kusoma tu. Mtoto wa Kisauni hutoka shule jioni akaenda madrasa, na Jumamosi tena madrasa, na mzazi akiulizwa hujibu kwa fahari, "Mwanangu anasoma sana." Kusoma gani? Huenda amehifadhi sura nyingi bila ya kujua hata moja inasema nini. Huenda amefanya karatasi za mitihani ya miaka kumi iliyopita mpaka majibu yake yakamkaa ulimini, na swali likigeuzwa kidogo amepotea. Mwulize, "Umesoma?" naye atakujibu, "Ndiyo," wala hakusema uwongo. Hatuna tena swali la pili la kumwuliza.

Na sisi watu wazima je? Fatwa huingia katika simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri imekwisha tumwa kwa watu mia, na hapana aliyeuliza imetoka kitabu gani. Hati ya shamba husomwa pale Likoni mbele ya mashahidi, kwa sauti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ikatiwa sahihi. Imesomwa, naam. Haikutaaliwa. Miaka ikipita ndipo watoto wanapojua mipaka iliandikwaje. Nasi ni Waislamu, ambao wahyi wa kwanza kumteremkia Mtume (S.A.W.) ulikuwa na amri ya kusoma, na ambao Kitabu chao hukaripia mahali zaidi ya pamoja wasioyazingatia wanayosomewa.

Najua atatokea wa kusema kwamba hayo ni maneno ya Kiarabu, kwa nini tuyalilie. Basi natuchukue la Kibantu. Kujifunza linatoka katika kufunda, lile lile la mwari na kungwi wake, na fundi ni wa ukoo huo huo. Ajifunzaye anaifunda nafsi yake. Nalo tumelilegeza, likawa kama kusoma tu.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 2017, alichimbua maneno ya kale akayatumia kuundia mapya, na runinga tunayoitazama kila usiku ni jina lake yeye. Sisi hatuhitaji hata kuunda. Neno lipo, na ndugu yake amekwisha rudi kwa mlango mwingine: mtaala, linalotajwa kila nyumba tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Ni neno la mutalaa huo huo, nasi tunalipokea kama mgeni kutoka Nairobi.

Walimu wa madrasa za Likoni, Kisauni na Changamwe wanaweza kuanza wiki hii, maana hapahitajiki ruhusa ya wizara. Mtoto akiisha kusoma aya zake, mwalimu afunge msahafu amwulize, "Na nyumbani umetaali nini?" Mara ya kwanza watoto watacheka, wakidhani wanaulizwa habari za Wazungu wa ufukweni. Waelezwe.