Kabla ya kumnunulia kijana kamera

Ufuta ukishauzwa mnadani na fedha kuingia, maombi ya watoto nayo huanza. Mama mmoja wa Mbwara, wilayani Rufiji, ameombwa kamera. Kijana wake amemaliza kidato cha nne, hupiga picha kwa simu kwenye harusi na ngoma za mwali, na majirani wanazisifu. Anamwambia mama yake kwamba hiyo ni kazi, si mchezo. Mama haikatai kazi. Tatizo ni kwamba fedha hiyo hiyo ndiyo ya kulimia msimu ujao na ndiyo mahitaji ya shule ya mdogo wake.

Kwa familia kama hiyo, kosa kubwa ni kumaliza fedha yote kwenye bodi ya kamera. Kuna lenzi, kadi, betri ya pili, chaja, nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi. Katika kila shilingi kumi zilizotengwa, bodi isizidi sita.

Tena iwe ya mtumba. Canon EOS 4000D au Nikon D3200 ni kamera za zamani kidogo, lakini ya kwanza ina megapikseli 18 na ya pili 24, na picha ya ukubwa wa A4 hutoka safi hata kwa 9. Muuzaji anayesifia megapikseli tu anamchosha mteja bure. Lenzi ya 18-55 ambayo mara nyingi huja na kamera hizi inatosha mchana. Harusi za usiku zenye taa hafifu zinataka lenzi ya 50mm yenye alama f/1.8, na hiyo inaweza kununuliwa baadaye kwa malipo ya kazi za mwanzo. Anayechagua Nikon D3200 awe makini: bodi hiyo haina mota ya kufokasi, kwa hiyo lenzi iwe ya aina ya AF-S, vinginevyo atafokasi kwa mkono.

Adui mkubwa wa lenzi katika bonde la Rufiji ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa muda mrefu kwenye begi huota kuvu ndani ya kioo. Dukani, kijana aivue lenzi, amulike tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Akiona nyuzi kama utando wa buibui, airudishe, hata kama bei imepunguzwa. Kisha apige picha ya ukuta mweupe mara tatu, kila mara akisogeza kamera. Doa likibaki palepale kwenye picha zote, kuna uchafu ndani.

Nyumbani, ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha kuitunzia, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa ndani ya boksi la viatu. Vipakiti hivyo viwekwe mbali na watoto wadogo, maana mtoto akikitia mdomoni kinaweza kumpalia. Rimoti ya kamera ni hatari zaidi. Betri yake bapa kama kifungo ikimezwa huunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, na mtoto aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri aitoe chooni.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nalo ni macho ya mpigapicha mwenyewe. Kwenye kamera nyingi, ingawa si zote, pembeni ya kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtumiaji. Kama kimezungushwa mpaka mwisho na bado kijana anaona ukungu, au anaumwa kichwa akitazama mbali, apimwe macho kwanza. Huenda miwani ndiyo inayohitajika kabla ya lenzi.

Picha za mwali aliyetolewa ndani zisipandishwe mtandaoni bila ruhusa ya wazazi wake. Tangu mwaka 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, kijana anayeishi kwa kuitwa kwenye shughuli za majirani hataitwa tena akiwaudhi.

Na mama akipiga hesabu akaona daftari za mdogo mtu hazipo, kijana akodi kamera siku ya harusi na kuweka akiba kidogokidogo. Msimu mwingine wa ufuta si mbali, na simu yake bado inapiga picha.