Bei Haina Macho

Kila nakala ya Action Comics toleo la 1 ikiuzwa mnadani, marafiki wawili watatu hunitumia habari hiyo kwa WhatsApp na swali moja: "Umeona hiyo doo?" Nimeona. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa Marekani kwa dola milioni 6. Jarida lenyewe lilipotoka mwaka 1938 bei yake ilikuwa senti 10. Na kila habari ya aina hiyo lazima iwe na sentensi inayosema kwamba jalada hili ni klasiki. Ukiuliza kwa nini ni klasiki, unaambiwa tazama thamani yake. Ukiuliza thamani imetoka wapi, unaambiwa ni klasiki, bana. Ni kama kuambiwa ugali umeiva kwa sababu umepakuliwa.

Mimi nakataa. Jalada la komiki huwa klasiki kwa kazi linayofanya machoni pa mtu anayepita. Ni shujaa gani alionekana ndani kwa mara ya kwanza, na ni tajiri gani amelinunua juzi, hayo ni mambo mengine kabisa. Wanaoyachanganya wametunyang'anya neno zuri wakalifanya lebo ya bei.

Chukua The Incredible Hulk toleo la 181, la mwaka 1974. Wakusanyaji huliita klasiki bila kupepesa macho, kwa sababu ndilo toleo ambalo Wolverine anaingia vitani kwa mara ya kwanza. Jalada lake, lililochorwa na Herb Trimpe, ni zuri la kawaida: Hulk anamkabili jamaa mfupi mwenye makucha, na jitu jeupe liko nyuma yao. Marvel ilikuwa ikitoa majalada ya ngumi kama hayo mwezi baada ya mwezi. Wolverine angesahaulika, hakuna mtu angelitazama mara mbili. Na kuna kituko kingine. Ndani ya toleo hilo mlikuwa na stempu ndogo ya kukatwa na kubandikwa. Nakala ambayo mtoto wa wakati huo aliikata stempu hiyo hushuka bei vibaya leo. Jalada ni lile lile, halijaguswa hata na ukucha. Sasa niambie, kinachouzwa hapo ni jalada kweli?

Hali imekuwa mbaya zaidi tangu mwaka 2000, ilipoanzishwa kampuni ya CGC. Hawa hupokea komiki yako, huipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukiifungua, alama imepotea. Kwa hivyo mtu analipa pesa za nyumba kwa jarida asiloweza kulisoma. Kilichobaki cha kutazamwa ni jalada tu, na hata hilo halitazami. Anatazama namba.

Haya, tuongee kuhusu hiyo kazi ya jalada. Kwa miongo mingi komiki za Marekani ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa ya mtaani, zimepangwa kwenye rafu, moja ikiziba nyingine nusu. Mnunuzi alikuwa mtoto mwenye sarafu mfukoni na mama anayemvuta mkono. Jalada lilikuwa na sekunde chache tu. Mchuuzi yeyote wa Gikomba anaijua hesabu hiyo, ila yeye ana sauti ya kuita wateja. Jalada halina sauti. Lina picha moja.

Ndiyo maana mimi huuliza maswali matatu. Je, picha imechagua lahaza moja ambayo huwezi kuisogeza mbele wala nyuma bila kuiharibu? Je, inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara? Na je, inaniachia swali ambalo lazima nitoe sarafu ndiyo nijibiwe?

Action Comics toleo la 1 linajibu ndiyo mara tatu. Joe Shuster alichora mwanamume mwenye kepi nyekundu akiwa ameinua gari la kijani juu ya kichwa chake na kulibamiza kwenye mwamba. Mbele kabisa, mtu mmoja anakimbia huku ameshika kichwa, karibu atoke nje ya karatasi. Jina la Superman halipo popote kwenye jalada hilo. Hakuna anayekuambia huyu ni mtu mwema. Ukiangalia uso wa yule anayekimbia, unaweza kudhani mwenye kepi ndiye jambazi. Mtoto wa 1938 alilazimika kununua ili ajue. Na mchapishaji mwenyewe hakuelewa alichokuwa nacho: Superman hakurudi kwenye jalada hadi toleo la 7.

La pili ni Captain America Comics toleo la 1. Jalada lina tarehe ya Machi 1941, lakini jarida lilikuwa madukani Desemba 1940, karibu mwaka mzima kabla ya Pearl Harbor. Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili Wayahudi wa Marekani, walimchora shujaa wao akimpiga Hitler ngumi ya taya. Wakati huo Marekani haikuwa vitani, na raia wengi hawakutaka iingie. Barua za chuki na vitisho zilifika ofisini kwao. Wapo wanaosema hiyo ni propaganda, sio sanaa. Sawa, iite propaganda. Lakini ni propaganda iliyochorwa na watu waliokuwa na kitu cha kupoteza, kabla serikali yao haijawaambia adui ni nani. Ngumi hiyo ingechorwa Januari 1942, ingekuwa bango tu.

Sasa upande wa pili. Detective Comics toleo la 27, la Mei 1939, ndilo la kwanza la Batman, na kila orodha ya majalada ya klasiki inaliweka juu. Mimi naliondoa. Batman ananing'inia kwenye kamba huku amemkaba jambazi shingo, vizuri sana, lakini wale wawili walio juu ya paa wamesimama kama wanaongoja matatu. Hakuna swali linalobaki. Tunalipenda kwa sababu tunajua aliyezaliwa humo. Hiyo ni heshima ya cheti cha kuzaliwa. Linganisha na The Amazing Spider-Man toleo la 50, la 1967, kazi ya John Romita. Peter Parker anatembea amejiinamia, na nyuma yake Spider-Man mkubwa amempa mgongo. Hakuna ngumi hata moja. Mtu anajiacha mwenyewe, basi. Hata asiyejua Spider-Man ni nani ataelewa kwamba hapo kuna kitu kimevunjika.

Najua swali linalokuja: wewe Mkenya haya yanakuhusu nini? Yananihusu. Mwaka 1975 Giant-Size X-Men toleo la 1 lilitoka na jalada la Gil Kane na Dave Cockrum, ambapo mashujaa wapya wanaipasua picha ya wale wa zamani na kutokea mbele. Mmoja wao ni Storm, jina lake Ororo, anayekutwa Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Hiyo Kenya yao ni nyasi na ngoma, nami nina ugomvi nayo. Lakini jalada lenyewe linasema wazi, kwa karatasi inayochanika, kwamba zamu imebadilika.

Miaka tisa kabla ya hapo, 1966, Black Panther alianzia Fantastic Four toleo la 52. Kirby alikuwa amechora jalada la awali ambapo barakoa iliacha sehemu ya uso wazi, na unaona ni mtu mweusi. Lililochapishwa limefunika uso wote. Mtoto aliyepita mbele ya rafu hangejua kwamba huyo shujaa ni Mwafrika. Hapo ndipo unaona uzito wa jalada. Linaweza kusema ukweli wa hadithi barabarani, au kuuficha ndani. Mnada hauna safu ya kuandika hilo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina shahada ya sanaa wala ya kitu kingine. Majalada haya niliyajua kwa nakala zilizochapishwa upya, zilizochakaa, nilizochambua kwenye inama bookshop za katikati ya mji. Nilinunua moja iliyochanika kona kwa bei ya chapati mbili. Gari la kijani lilikuwa bado linabamizwa. Hiyo ndiyo hoja yangu yote: kazi ya jalada haipungui karatasi ikichakaa, na haiongezeki ikifungiwa kwenye plastiki.

Mwaka jana mhariri mmoja alinirudishia makala kuhusu wachoraji hawa. Ati niweke mamilioni kwenye kichwa cha habari, wachoraji niwapunguze. Nilikuwa nimeandika kwamba Jerry Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, na kwamba mwaka 2012 ile hundi yenyewe iliuzwa kwa dola 160,000. Hiyo hundi aliipenda. Kwamba jina la Bill Finger, aliyemuunda Batman pamoja na Bob Kane, lilitambuliwa rasmi mwaka 2015, miongo minne baada ya kifo chake, hilo alilikata.

Wengine watasema wakati ndio mwamuzi. Wakati gani huo? Wakati ulimwacha Finger nje miaka yote hiyo. Wakati ni watu wanaoamua nini kirudiwe, na siku hizi wanaorudia ni wanadi.

Kwa hivyo ukikutana na habari inayofuata ya mamilioni, ziba tarakimu kwa kidole gumba. Tazama picha. Uliza yale maswali matatu, na uwe tayari kusema hapana hata kwa Batman. Na ukiandika kuhusu jalada, anza na jina la aliyelichora. Bei iweke mwisho, kama ni lazima.