Gitaa Halina Kosa, Hamisha Mkono

Kwa miaka miwili niliwaambia wanakwaya wenzangu wa Bungu kwamba gitaa letu la besi ni bovu. Halisikiki, nilisema. Limechoka. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napiga, waliniamini. Kamati ikakaa. Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, akina mama wakaleta maharage, ndizi na kuku, vikanadiwa pale nje kanisani. Gitaa jipya likapandishwa mlimani kutoka mjini.

Jumapili ya kwanza nikalipiga kwa mbwembwe. Nikitoka, bibi mmoja aliyekuwa ametoa debe zima la maharage akanishika mkono mlangoni. "Mwanangu," akaniuliza, "lile jipya mtaanza kulipiga lini?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameketi nyuma, na alichosikia ni ukungu uleule.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Kosa lilikuwa kwenye mkono wangu wa kulia, na hakuna mnada wa maharage unaoweza kununua mkono.

Tulichojifunza wengi wetu ni hiki: mkono wa kushoto unatafuta noti, wa kulia unakwangua tu. Tunafundishana kwa kutazama shingo ya gitaa, kidole kiko wapi, kinahamia wapi. Mkono wa kulia tunauacha ujikalie unapopenda. Wangu ulipenda pale shingo inapoishia, kwa sababu nyuzi pale ni laini na hazichoshi vidole.

Sasa fikiria uzi wenyewe. Besi ya kawaida ina uzi wa sentimita 86 hivi, kutoka kwenye daraja hadi kichwani. Ukiupiga, hautetemi mzima tu. Papo hapo unatetema pia kwa nusu zake, kwa theluthi, kwa robo, na kila mgawanyo una sauti yake ya juu zaidi. Mchanganyiko huo ndio tunaouita sauti ya gitaa. Pale unapopiga ndipo unapoamua nani aimbe na nani anyamaze. Ukipiga katikati kabisa, sauti za nusu na robo hazitoki. Ukipiga kwenye theluthi, ile ya theluthi inakufa. Mwisho wa shingo, pale mkono wangu ulipozoea kulala, ni kama sentimita 27 kutoka kwenye daraja, karibu sana na theluthi. Miaka yote hiyo nilikuwa nanyamazisha sehemu ya uzi wangu, kisha nalaumu mbao.

Na kwetu dhambi hiyo inaadhibiwa mara mbili. Uzi mnene wa besi, ukiachwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo za makanisa yetu, zile za tarumbeta hasa, haziwezi kutoa sauti ya chini hivyo. Simu yako nayo haiwezi. Kinachomfikia bibi aliyeketi nyuma ni zile sauti za juu yake, na sikio lake lenyewe ndilo linaloijaza ile ya chini. Mimi nilikuwa nazipunguza hizo hizo, nabakiza ile inayomezwa na spika.

Sogeza mkono hadi sentimita 11 hivi kutoka kwenye daraja. Uzi utakuwa mgumu, na ule uvumi mzito utapungua. Utadhani umeharibu. Mwombe mtu asimame mlangoni, muulize anasikia nini. Kisha kumbuka kwamba ukipanda hadi kipande cha 12 uzi umebaki nusu, kwa hiyo mkono uliokuwa kwenye sehemu ya 8 ya uzi sasa uko kwenye robo yake. Mkono haujasogea, sauti imebadilika. Mpigaji anayejua hilo huufuata uzi.

Najua jibu lenu. Vyombo vibovu vipo. Ndiyo, vipo. Nyuzi zenye kutu, nyaya zinazokatika, amplifaya iliyokula maji ya mvua. Havitibiwi kwa kusogeza mkono, na sisemi kwaya zisinunue vyombo. Nasema mpangilio wetu umepinduka: tunaanza na barua ya michango, tunamalizia na mazoezi, na mara nyingi hatufiki huko.

Huko chini Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walichezesha watu, na Black Star na Lucky Star wakaingiza gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu. Katika bendi za enzi hizo vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya bendi au klabu. Mpigaji alikuta gitaa lililopo. Hakuweza kununua sauti, ilimbidi aitoe mkononi. Wazee wetu walilisema zamani: mchagua jembe si mkulima. Sisi tumechagua jembe kwa pesa za wakulima wenyewe.

Basi naomba jambo moja. Kabla kwaya yoyote haijapeleka ombi la gitaa jipya, mpigaji apige noti moja mahali patatu, mwisho wa shingo, katikati na karibu na daraja, na mwanakamati mmoja asikilize akiwa mlangoni. Ni kazi ya dakika tano.

Mimi niliifanya nikiwa nimechelewa. Nililitoa gitaa la zamani stoo, nikalifuta vumbi, nikasogeza mkono. Wiki ile bibi alinisimamisha tena.

"Hilo jipya," akasema, "limekuja zuri."

Sijamwambia bado.