MCHUZI WA PAKITI: STAA HUYU ANAWAPIGA FIKSI AKINA DADA, NA NALASI NDOA IMESHATIKISIKA

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina linabaki kapuni, ambaye video yake ya kupika mchuzi wa nyama imezunguka kwenye simu za watu mpaka Nalasi, kule Tunduru mkoani Ruvuma. Jiko la gesi linang'aa, sufuria mpya, kucha ndefu hizo. Anatia mafuta, kitunguu hakijapata hata rangi anamwaga nyanya, nyanya bado mbichi anatia nyama na maji, halafu ndo inakuja siri yenyewe: pakiti mbili za unga wa mchuzi. Dakika chache tu, rojo hilo!

Angeishia hapo asingegombana na mtu. Lakini akaongeza dongo, eti wanawake wa vijijini wanachemsha nyama kama dawa na mchuzi wao ni maji ya kunawia.

Dongo limefika pabaya. Nalasi watu ni wakulima wa korosho, na nyama kwa wengi si kitoweo cha kila siku. Mpaka hela iingie, au wageni waje. Sasa jamaa mmoja mwenye duka pale senta, anafahamika sana, alipata wageni kutoka Songea mjini. Mkewe akapika mbuzi. Jamaa akaonja, akasukuma bakuli mbele ya wageni, akatoa simu: "Mwenzako huyu hapa, jifunze." Mama wa watu, miaka kumi na moja kwenye ndoa, kesho yake kabeba mtoto mdogo kaenda kwao. Wazee wa pande mbili wameshakaa vikao viwili kwa ajili ya mchuzi. Mchuzi jamani!

Kosa la kwanza la staa ni kudanganya kwamba uzito wa mchuzi ni kitu cha kununua dukani. Mchuzi unakuwa mzito kwa sababu kitunguu kimekaangwa taratibu mpaka kikalegea na kupata rangi ya kahawia, na nyanya zimepikwa zikavurugika kabisa, mpaka mafuta yakajitenga pembeni mwa sufuria. Hayo mafuta yakijitenga ndo ruhusa ya kuendelea. Kabla ya hapo, ukitia maji umeharibu, utakula ukali wa nyanya mbichi hata uweke pakiti kumi.

Na nyama yenyewe. Staa katumia steki, laini, haina hata mfupa mmoja. Mwananchi wa kawaida ananunua mchanganyiko, mifupa na kano humo humo, na kumbe huo ndo wenye mchuzi! Zile kano na ngozi ngozi zikichemka kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, saa moja na nusu au mbili, zinayeyuka na kuupa mchuzi ule utelezi unaonata kwenye vidole. Unachemsha na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, na ile supu humwagi ng'o. Ndiyo inayorudi kwenye rosti ya nyanya, kidogo kidogo. Anayetaka uzito zaidi anakoroga karanga zilizotwangwa, au anamalizia na tui zito la nazi, ila tui likiingia usiache kukoroga, litakatika. Kwa ugali, hapo umemaliza.

Pakiti je? Geuza nyuma usome. Chumvi na wanga wa mahindi huwa vipo mwanzo mwanzo, halafu ndo viungo vingine. Yani uzito wa yule staa ni uji. Na chumvi hiyo inaingia juu ya chumvi aliyokwisha tia kwenye nyama, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Pakiti mbili kwenye sufuria ya watu wanne, hesabu mwenyewe.

Hakuna anayesema pakiti ni sumu. Mama aliyekosa nyanya, mkaa umepanda bei, watoto wanalia njaa, atie tu, hana kesi. Mwenye kesi ni mtu mwenye gesi, friji limejaa nyanya, halafu anawacheka wanaopikia mafiga. Tena pakiti ile ilishikwa kwa mkono mmoja, maandishi yameelekea kamera kabisa, akaitaja mara nne. Kama ni tangazo la kulipwa, si aseme? Watu wamechukua biashara ya mtu wakaifanya kipimo cha mke.

Kichekesho ni kwamba huyu huyu staa alishawahi kuhojiwa akajisifu kafundishwa kupika na bibi yake kijijini. Bibi gani huyo aliyekuwa na pakiti?

Na jamaa wa dukani naye asijifiche nyuma ya simu. Majirani wanajua vizuri ilivyokuwa siku ile. Nyama ya mbuzi kaileta mwenyewe saa kumi na moja jioni, wageni wakatengewa chakula saa kumi na mbili na nusu. Kupasua kuni, kukata nyama, kusonga ugali, vyote humo humo, mikono ni ya mtu mmoja. Halafu wale wageni wa Songea walikula na bakuli walilifuta kwa ugali.