Kabla ya kununua jiko la safari, niambie litalala wapi

Wasee, tangu nianze kuweka zile video za nissan ya binamu yangu, swali ni moja tu: "Hilo jiko la nyama choma mlitoa wapi?" Hakuna anayeuliza kuhusu kitanda tulichopigilia misumari wenyewe usiku kucha. Hakuna anayeuliza kuhusu Mlima Kenya ulioko nyuma yetu, mita 5,199 zote zikionekana bila wingu. Ni jiko tu. Sawa, leo ni jiko. Lakini nitaanza na ile siku ambayo sikuiweka kwenye video.

Kwa wageni: binamu yangu alinunua matatu kuukuu iliyochoka barabara. (Ni Toyota, lakini hapa Nyeri gari lolote la abiria 14 ni nissan, msinipigie kelele.) Akang'oa viti, akaweka kitanda cha mbao, kabati ndogo, na mapazia aliyoshona shosho. Hiyo ndiyo nyumba yetu ya wikendi. Tunapita Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki, Timau, na siku tukiwa na pesa ya mafuta tunazunguka mlima mzima, tunashukia Meru na Chuka, tunarudi kwa njia ya Embu.

Jiko letu la kwanza nililichagua mimi, na nililichagua kwa macho. La kukunjwa, linang'aa kama sufuria ya harusi, linaingia kwenye begi. Nililiona mtandaoni, nikatuma 3,200, likaletwa na bodaboda. Kwa picha lilikuwa moto sana. Kwa kazi, manze! Bati lilikuwa jembamba hivi kwamba safari ya pili tu lilikuwa limepinda kama kifuniko cha mkebe. Na wavu wake ulikaa karibu sana na makaa. Jiko kama hilo lilitengenezwa kwa soseji. Mbavu za mbuzi zinataka moto wa mbali na subira, angalau upana wa kiganja kati ya makaa na nyama. Ukizikaribisha sana, nje inakuwa mkaa na ndani bado mbuzi analia.

Sasa, ile siku. Ilikuwa Julai, karibu na Naro Moru, na mnajua baridi ya Julai upande ule. Tulikuwa wanne. Tumechoma nje, tumekula, mafuta yametupaka hadi kwenye viwiko. Makaa bado yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo. Mimi, si mtu mwingine, ndiye niliyesema, "Haya makaa yataharibikia hapa nje, si tuyaingize yatupashe joto?" Jiko lilikuwa dogo, lilitoshea kabisa kati ya kitanda na mlango. Tukafungua dirisha kiasi cha kidole, tukajiona watu wa akili.

Baada ya kama nusu saa kichwa kilianza kunigonga. Nikadhani ni uchovu. Rafiki yangu akasema anahisi kutapika, tukamcheka kwamba amekula mutura nyingi. Wa tatu alikuwa tayari anakoroma. Binamu yangu alikuwa nje akiongea na mamake kwa simu. Aliporudi akatusemesha, nikashindwa kumjibu vizuri, ulimi mzito. Alifungua milango yote, akabeba jiko kwa taulo akalitupa nje, kisha akatuvuta mmoja mmoja hadi kwenye nyasi. Yule aliyekuwa anakoroma alichukua muda kuamka. Sitasahau huo muda.

Tulipaswa kwenda hospitali usiku uleule. Hatukwenda, tulikaa nje tukitetemeka hadi vichwa vikatulia. Huo ulikuwa ujinga wa pili. Ikikupata wewe, nenda.

Kile kilichotupata kinaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inatoka kwa makaa hata wakati moshi umeisha. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, wanangoja moshi uishe ndio waingize jiko ndani. Ukiivuta, inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hivyo damu inazunguka bila kubeba hewa unayohitaji. Inaanza na kichwa, kichefuchefu, halafu usingizi. Na usingizi wenyewe ni mtamu, ndiyo shida. Kila msimu wa baridi tunasikia kwenye habari kuhusu familia iliyolala na jiko, tunasema "woi, pole yao", tunabadilisha chaneli.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini shosho amepika kwa jiko na kuni jikoni miaka yote." Ndiyo. Umewahi kuangalia jikoni kwa shosho? Ni mbao za masalio zenye nafasi katikati, unaweza kumwona kuku akipita nje. Upepo unaingia huku unatokea kule, na jioni shosho anakwenda kulala kwa nyumba nyingine. Nissan ina mpira kila mlango, imetengenezwa mvua isiingie. Hewa pia haitoki.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue jiko gani la safari, sianzi na bei wala ukubwa. Namuuliza litalala wapi. Kama jibu ni "ndani ya gari, chini ya kitanda", basi hilo si jiko lako. Nunua kubwa kidogo, zito kidogo, ambalo hata ukitaka huwezi kulipitisha mlangoni bila kuamsha kila mtu.

Gesi je? Ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu ni mzuri kwa chai na mayai, nasi tunao. Lakini gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, na chini ndiko umelalia. Mtungi wetu unasafiri ukiwa wima, umefungwa kamba, na usiku unalala nje. Vile vijiko vya kopo, vinavyotumia gesi ya butani, ni vyepesi na vinapendeza, lakini butani inakataa kugeuka mvuke baridi ikikaribia sifuri. Panda nalo upande wa Chogoria, mahali ambapo asubuhi nyasi zina barafu, uone kama utakunywa chai. Halafu nyama ya kopo la gesi haina harufu ya choma. Samahani, hilo ni la moyoni tu.

Jiko la udongo la nyumbani, lile lenye kiuno, linabana matumizi ya makaa vizuri sana. Barabarani ni hadithi nyingine. Matuta mawili makubwa na udongo wa ndani unapata ufa. Pia unashika joto muda mrefu, unadhani limepoa kumbe bado linaweza kuchoma godoro.

Sisi tuliishia kwa fundi wa jua kali hapa Nyeri mjini. Tulitaka jiko la rimu. Binamu yangu alikuja na rimu ya aluminiamu ya kung'aa, ati jiko liwe na swagi. Mzee aliiangalia, akaigonga kwa nyundo, akacheka.

"Kijana, hii unataka kuchoma nyama au kuyeyusha?"

Nikaingilia, "Kwani itayeyuka, mzee?"

"Msichana wangu, makaa yakipata upepo, hii inalegea kama siagi. Nileteeni rimu ya chuma, hata ikiwa na kutu."

Yuko sawa. Aluminiamu ya rimu huanza kulegea na kuyeyuka kwenye nyuzi mia tano, mia sita hivi, na makaa yanayopulizwa yanapita hapo. Tukaleta rimu ya chuma kutoka kwa gari la mjomba lililokufa. Mzee alitaka kutuwekea wavu wa waya wenye mng'ao wa zinki, tukakataa, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu. Akatuwekea nondo nyembamba zisizopakwa kitu. Miguu mitatu ya kufungua kwa bolti, mikono miwili, kifuniko cha bati nene, na chini sahani ya kudaka majivu. Shilingi 1,900 na soda yake. Kabla ya nyama ya kwanza tuliliwasha tupu kwa saa nzima, rangi ya zamani ikaungua yote. Msiruke hiyo hatua.

Mashimo ya rimu yanasaidia kuliko nilivyotarajia. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Makaa yanataka nafasi ya kupumua. Lile langu la kung'aa lilikuwa na vitundu vitatu tu, ndiyo maana nilipuliza hadi nikaona nyota mchana.

Na ile sahani ya majivu haipo kwa ajili ya urembo. Januari hadi Machi nyasi za huku zinakauka kabisa. Machi 2012 Mlima Kenya uliwaka, Februari 2022 Aberdare ikawaka, na kila mtu Nyeri aliuona ule moshi. Sisi tunachoma mahali penye udongo mtupu au changarawe, na debe la maji liko kando kabla kiberiti hakijawashwa. Kwa shamba la mtu tunaomba ruhusa kwanza. Kwa hifadhi tunauliza askari getini kama moto unakubaliwa na wapi, na akisema hapana tunakula mkate na parachichi. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa choma siku moja, ingawa binamu yangu anabisha.

Tukimaliza, makaa yanamwagiwa maji, yanakorogwa, yanamwagiwa tena. Jiko linageuzwa juu chini, linalala hatua kumi kutoka kwa gari. Asubuhi likiwa baridi kabisa ndio linafungwa kwenye kibebeo cha juu. Linatupigia kelele njia nzima hadi nyumbani.

Sasa sikieni hili, kwa sababu ndilo mnaloniruka kila mara. Sisi hatukuingiza jiko ndani kwa sababu lilikuwa jiko baya. Tuliliingiza kwa sababu tulikuwa na blanketi moja kwa watu wanne. Pesa yote niliyokuwa nayo niliitia kwa kitu cha kung'aa, nikasahau kwamba usiku utafika. Ukiwa na 3,500, tafuta la fundi kwa 1,900, inayobaki peleka kwa mitumba. Blanketi nzito za mitumba Karatina si ghali ukifika mapema na ukijua kubishana bei. Chukua na kofia za sufu. Chupa ya maji moto iliyovikwa soksi, weka miguuni. Soksi iwe yako, tafadhali.

Binamu yangu bado anataka lile la kukunjwa, toleo jipya, ati sasa lina taa. Nimemwambia anunue kwa pesa yake na alifunge juu ya gari kama wenzake. Wikendi ijayo tunaelekea Timau. Nimeosha blanketi nne, ziko kwenye kamba, na hapa Nyeri tangu asubuhi ni manyunyu.