Karantini Si Mzingiro

Sentensi yenyewe niliiandika mimi, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Ilikuwa Aprili 2021, mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya kwanza, natafuta mwanzo mzuri wa insha kuhusu filamu fupi za Kipalestina. Nikaandika: "Korona imetufanya sote kuwa Wapalestina." Mhadhiri aliipaka rangi ya njano kwenye faili, na pembeni akaandika neno moja: "Safi." Nilipata A.

Sasa niko mwaka wa pili wa uzamili, bado nashughulika na filamu zilezile, na sentensi ile inanifuata kama deni la dukani. Si yangu peke yangu. Nimeisikia kwenye mijadala ya matamasha, nimeisoma kwenye maelezo ya filamu, na wiki iliyopita mwenzangu aliisema darasani kwa maneno yake mwenyewe: filamu hizi zinatugusa kwa sababu tangu 2020 sote tunajua kufungiwa ni nini. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza, na makala hii ndiyo jibu nililopaswa kulitoa pale. Kauli hiyo ni uongo uliovaa nguo za huruma.

Nianze na nilivyofungiwa mimi. Tarehe 26 Machi 2021 serikali ya Kenya ilizifunga kaunti tano, zikiwemo Nairobi na Kiambu. Nilikuwa kwenye chumba cha kupanga Kahawa Wendani, na mama yuko Mombasa. Kafyu ilianza saa mbili usiku. Nilikuwa na unga, maharagwe, gesi nusu mtungi, na nywila ya Netflix ya binamu yangu. Usiku mmoja nikatazama *The Present*, filamu ya dakika 24 ya Farah Nabulsi, iliyotoka 2020 na ambayo mwaka huo wa 2021 ilishinda BAFTA na kuteuliwa kuwania Oscar.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Yusef anataka kumnunulia mkewe friji kwa kumbukumbu ya ndoa yao. Anatoka na binti yake mdogo, Yasmine. Njiani kuna kituo cha ukaguzi cha askari wa Israeli, na kituo hicho kiko karibu na nyumba kiasi kwamba ungedhani ni sehemu ya uwanja wao. Kwenda, baba anafungiwa kwenye kizimba huku mtoto akisubiri, na mtoto anajikojolea. Kurudi, friji haipiti kwenye njia nyembamba ya waenda kwa miguu. Barabara pana ipo palepale kando, lakini si ya Yusef. Filamu inafunguka kwenye Kituo Namba 300 cha Bethlehemu, katikati ya wafanyakazi waliobanana gizani kabla ya alfajiri wakingoja kuvuka kwenda kazini.

Nililia. Nikikumbuka vizuri, nusu ya machozi yale nilijililia mwenyewe: chumba changu, mama yangu, kafyu yangu. Hapo ndipo sentensi ilipozaliwa. Nilimchukua Yasmine na suruali yake iliyolowa nikamfanya kioo cha kujitazamia.

Tarehe 1 Mei kaunti zikafunguliwa. Nikapanda basi la asubuhi, nikala samosa Mtito Andei, na kabla ya magharibi nilikuwa kwa mama. Kituo Namba 300 kilikuwa palepale.

Kuna watakaoniambia kwamba tofauti ni ya muda tu: wao miaka mingi, sisi miezi. Sivyo. Tofauti ni nani anashika ufunguo na anamfungia nani mlango. Karantini, hata ikitekelezwa vibaya, hata ikisimamiwa kwa virungu kama tulivyoona kwetu, inadai kumlinda anayefungiwa. Mzingiro haudai hivyo. Aliyefungiwa ndiye anayehesabiwa kuwa hatari. Karantini ikiisha unapongezwa kwa uvumilivu wako. Mzingiro hauna tarehe ya kuisha, na ukiuliza tarehe, kuuliza kwenyewe kunakuwa kosa.

Tazama mambo yalivyokuwa. Machi 2020 wagonjwa wa kwanza wa korona walipogunduliwa Bethlehemu, mji ulifungwa mara moja. Wazazi wengi waliowafungia watoto wao ndani walikuwa wameshafungiwa humohumo mwaka 2002, na wakati ule si kwa ajili ya virusi bali kwa ajili ya vifaru. Gaza ilikuwa chini ya mzingiro wa nchi kavu, baharini na angani tangu 2007. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyouliza kama Gaza itakuwa mahali panapokalika ifikapo 2020. Mwaka huo ulipofika, ulikuja na korona. Tarehe 24 Agosti 2020 maambukizi ya kwanza ya ndani, nje ya vituo vya kuwatenga wasafiri, yalitangazwa na watu wakaamriwa kubaki majumbani. Mwezi huohuo Israeli ilizuia mafuta kuingia, kituo pekee cha umeme kikazimika, na watu wakabaki na umeme wa saa nne hivi kwa siku. Mitandao ya simu ya Wapalestina huko haikuruhusiwa kuvuka kizazi cha pili, wakati sisi tulikuwa tunalalamika video inakwama kwenye 4G.

Kwa hiyo karantini haikuwafundisha mzingiro. Ilipandishwa juu ya mzingiro, kama mzigo wa pili juu ya punda aliyekwisha kulemewa. Mimi niliyekuwa na umeme saa 24 nilipata wapi ujasiri wa kusema "sote"?

Kuna jambo la pili, na hili linatuhusu sisi tunaosoma filamu. Mwaka 2020 ulimwengu ulijisifu kwamba umegundua sinema ya ndani ya kuta nne. Tarehe 30 Juni Netflix ilitoa *Homemade*, mkusanyiko wa filamu fupi 17 za waongozaji waliofungiwa majumbani sehemu mbalimbali za dunia. Zipo nzuri humo. Mwongozaji wa Kipalestina hayumo hata mmoja. Sisemi alizuiwa mlangoni. Nasema hakuna aliyeona pengo. Ni kama kufanya kongamano la uvuvi bila kumwita mvuvi.

Maana kazi hiyo wao wameifanya tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rashid Masharawi, mzaliwa wa kambi ya wakimbizi ya Gaza, alitengeneza filamu nzima kuhusu familia moja iliyofungiwa ndani ya nyumba yake kambini. Jina lake kwa Kiingereza ni *Curfew*. Mwaka 2002 Emily Jacir alikuwa akipita kwa miguu kizuizi cha Surda, kati ya Ramallah na Chuo Kikuu cha Birzeit. Siku alipoanza kurekodi miguu yake ikitembea, askari alimwelekezea bunduki kichwani. Alipotoka hapo alitoboa mkoba wake, akaficha kamera ndani, na kwa siku nane akarekodi safari ya kwenda na kurudi kazini: tope, viatu vya watu, magurudumu, mbingu iliyoinama. Picha ile inayoyumba haikuwa mtindo aliouchagua studioni. Ndiyo picha pekee iliyoweza kupita.

Au mchukue Razan AlSalah, anayeishi Kanada na asiyeweza kurudi kwao. Katika filamu yake fupi ya 2017, *Your Father Was Born 100 Years Old, and So Was the Nakba*, bibi anarudi Haifa kwa njia ya picha za barabarani za Google, anamtafuta mwanawe kwenye mitaa ambayo hawezi kuikanyaga. Mwaka 2020 alitoa *Canada Park*. Hapo anaelea kama kivuli cha kompyuta ndani ya bustani ya mapumziko iliyopandwa juu ya vijiji vitatu vilivyobomolewa 1967, Imwas, Yalu na Beit Nuba, kwa michango iliyotoka nchi hiyohiyo anayoishi sasa. Filamu hii ilitoka mwaka ambao makumbusho ya Ulaya yalitualika tutembelee kumbi zao kupitia skrini. Sisi tulikuwa tunasubiri milango ifunguliwe tukaone kwa macho. Kwa bibi wa Haifa skrini ndiyo mlango wenyewe, na hauna upande wa pili.

Kuziita kazi hizi "sinema ya karantini" ni kuziibia umri wake. Ni kusema zilianza siku sisi tulipoanza kuzielewa.

Mwenzangu wa darasani ana hoja, na sitaki kuikwepa. Atasema: mtu huanza na anachokijua. Kama kafyu ya Nairobi ndiyo iliyonifanya nimwone Yasmine, kuna ubaya gani? Huruma si lazima ianzie pahali fulani?

Nakubali ianzie popote. Ninachouliza ni inaishia wapi. Mlango ni wa kuingilia, na mimi niliuweka kiti mlangoni nikakaa. Kipimo ni rahisi, na nimejipima mwenyewe. Baada ya tarehe 1 Mei sikuifungua tena folda ile ya filamu kwenye kompyuta yangu. Mwezi huohuo Gaza ilipigwa mabomu kwa siku 11, na mimi niliyeandika kwamba "sote ni Wapalestina" nilikuwa Mombasa nikifurahia kutoka nje. Ulinganisho ulikuwa umekwisha kazi yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunieleza mimi. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hawakumaanisha tusiende mazikoni. Walimaanisha tukifika tusijifanye sisi ndio tunaozikwa.

Na liko jambo la tatu, ambalo mwaka 2021 sikuweza kuliona. Karantini yote imejengwa juu ya imani moja: ukibaki nyumbani utapona. Nyumba ni kinga. Mwaka 2024 Masharawi yuleyule wa *Curfew* alikusanya filamu fupi 22 zilizotengenezwa na watu wa Gaza chini ya mabomu, akaziita kwa pamoja *From Ground Zero*. Nyingi ni za dakika tatu hadi sita. Katika moja, mwanamume anasimulia jinsi alivyofukuliwa kutoka kwenye kifusi mara tatu ndani ya saa 24. Kila alipokimbilia nyumba nyingine, nyumba ile nayo ilimwangukia. Katika nyingine, mwongozaji Ahmed Hassouna anavunja ubao wake wa kupigia klapu, ule unaopigwa kabla ya kila picha, anautia motoni apate kupikia. Katika *Taxi Wanissa*, hadithi ya dereva na punda wake inakatika katikati, na mwongozaji Etimad Weshah anakuja mbele ya kamera kutueleza kwamba kaka yake ameuawa pamoja na watoto wake, na kwamba hakuweza kumaliza.

Nilipoitazama hiyo ya mwisho nilikaa muda mrefu kabla ya kufunga kompyuta. Nilijaribu kutafuta kitu changu cha kuilinganisha nayo, kwa mazoea, na sikupata. Nashukuru sikupata. Kwa mara ya kwanza nilibaki na Weshah peke yake, anavyosema na anaposita, bila mimi kukaa katikati yetu.

Wewe unayesoma haya pengine unaandika insha, unaendesha klabu ya filamu chuoni, au unatafuta maneno machache ya kuweka chini ya video kabla ya kuisambaza. Nakuomba jambo dogo. Usiandike "sote". Andika jina la mwongozaji, mahali, mwaka, na nani ameufunga mlango. Ukikosa neno, eleza kinachoonekana. Ni kazi ngumu kuliko kujifananisha, na haipati "Safi" kwa haraka.

Tasnifu yangu nimeianza upya. Aya ya kwanza inasema friji haikupita kwa sababu njia waliyoachiwa Wapalestina ilikuwa nyembamba kuliko friji, na barabara pana iliyokuwa kando ilikuwa ya wengine. Msimamizi wangu ameandika pembeni: "Mbona hakuna ulinganisho?" Kesho nina miadi naye saa nne asubuhi, na safari hii sinyamazi.