Wanaobeza Ramani za Bure Mkoani Mara Wanakosea Wapi

Mwishoni mwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, shule zikifungwa, koo kadhaa za Wakurya wa Tarime na Serengeti huingia msimu wa ukeketaji. Msichana akitoroka, au jirani akipiga simu usiku kwamba ngariba amefika, askari wa dawati la jinsia na watoto na wahudumu wa nyumba salama huwa na saa chache tu za kumuwahi. Gari linaweza kuwepo na nia ikawepo, lakini nyumba yenyewe haijulikani ilipo. Njia haina jina, nyumba haina namba, na maelekezo ya "ukivuka mto ulizia kwa fulani" hayafai usiku wa namna hiyo, maana huyo fulani anaweza kuwa ndugu wa mwenye shughuli.

Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanzishwa na Janet Chapman wa Tanzania Development Trust, umekuwa ukiziba pengo hilo kwa kutumia OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri bila kulipa. Maelfu ya watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wamefuatisha picha za satelaiti na kuchora mamilioni ya majengo ya vijijini Tanzania, pamoja na barabara zake, na wenyeji wakaongeza majina. Mkoani Mara kazi hiyo imeshikana na ya Rhobi Samwelly, mkurugenzi wa Hope for Girls and Women, shirika lenye nyumba salama Mugumu wilayani Serengeti na Kiabakari wilayani Butiama. Vijijini wapo wawakilishi waliopewa simu janja na mafunzo, nao hutuma taarifa za ukatili kwa fomu za kwenye simu.

Pamoja na hayo, ukizungumzia zana za bure kwenye semina, ofisi za halmashauri au vikao vya asasi, utasikia mapingamizi yaleyale. Nayajibu hapa kwa sababu yanawafanya watu wenye simu mkononi na vijiji vichwani mwao wakae bila kuchangia chochote.

La kwanza ni kwamba cha bure ni cha kuchezea, kazi nzito inataka programu ya kununua. Historia ya jirani zetu inakataa. Januari 2008, Kenya ikiwaka kwa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana wachache walitengeneza Ushahidi, programu huria ya kuweka taarifa za matukio kwenye ramani, nayo baadaye ikatumika katika nchi nyingi kwenye majanga na uchaguzi. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika, wakitumia OpenStreetMap hiyohiyo. ODK, familia ya programu za fomu ambazo KoboToolbox pia imejengwa juu yake, ilianzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na leo inakusanya taarifa za chanjo, kilimo na afya duniani kote. Ninachokubali ni hiki: leseni ni bure, kazi si bure. Simu zinanunuliwa, bando linalipiwa, mwakilishi wa kijiji anahitaji nauli na muda. Asasi inayoandika bajeti ya zana za bure kwa sifuri itashindwa, na itakuwa imeshindwa kwa bajeti yake mbovu.

Wengine husema ramani tayari ipo, Google wameshaiweka. Anayesema hivyo aifungue, atafute kitongoji alichozaliwa, kisha aangalie kama kuna jina la kitongoji, njia ya kukifikia, kisima, ofisi ya mtendaji na zahanati. Ramani ya kibiashara huanzia kwenye barabara kubwa, hoteli na maduka, na hilo ni jambo la kawaida kwa biashara. Hata ikikamilika, data yake haibaki mkononi mwako. Za OpenStreetMap unaweza kuzipakua nchi nzima, ukaziweka kwenye simu kwa Organic Maps au OsmAnd, ukatembea nazo kutoka Mugumu hadi Machochwe bila senti ya bando. Na mpaka wa Sirari si mwisho wa ramani hiyo. Hilo lina uzito kwa watu wa huku, kwa sababu Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, na tangu Kenya ilipopitisha sheria yake ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011 zimekuwepo taarifa za wasichana kuvushwa kuletwa Tanzania.

Hata hivyo, wengi hupata nusu tu ya faida ya OpenStreetMap. Aliyeko Berlin au Chicago anaweza kuona paa la bati na kulichora, lakini hawezi kujua kwamba jengo hilo ni shule ya msingi, wala kwamba njia ile haipitiki masika. Mchoro usio na majina haumfikishi askari popote. Majina wanayo wenyeji, na kuyaweka si kazi ngumu. Ukiwa na kompyuta, unafungua akaunti, unabofya jengo, unaandika. Huna kompyuta? Tumia Field Papers: unachagua eneo, unachapisha karatasi kwa bei ya stesheneri, wazee wa kitongoji wanaandika majina kwa kalamu, kisha karatasi inapigwa picha na kurudishwa ikae juu ya ramani ili mwenye kompyuta afuatishe. Mzee wa Itiryo asiyewahi kugusa kipanya anaweza kwa njia hiyo kuisahihisha ramani inayotazamwa na dunia nzima.

Pingamizi la mtandao ndilo linalorudiwa kuliko yote, tena na watu ambao hawajawahi kuzijaribu zana hizi: "Vijijini hakuna mnara, hayo ni mambo ya mjini." Fomu ya ODK hupakuliwa mara moja palipo na mtandao, kisha hukaa ndani ya simu. Mwakilishi huijaza akiwa bondeni pasipo hata alama moja ya mtandao, simu ikaihifadhi, na siku akifika mnadani au senta yenye mtandao ikatumwa. GPS ya simu nayo haihitaji mnara wala vocha, kwani simu hupokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Inachohitaji ni anga wazi na subira kidogo mpaka usahihi utulie, kwa hiyo anayepima akiwa ndani ya nyumba atapata nukta iliyopotoka. Hati za Google nazo zinaweza kuandikwa nje ya mtandao ukisharuhusu hilo kwenye mipangilio. Tatizo la kweli vijijini ni chaji, na ndiyo sababu mradi wowote wa simu unaosahau sola au betri ya akiba unajikwamisha. Nikiri pia kwamba taarifa ya dharura haiwezi kungoja siku ya mnada. Ya dharura hupigiwa simu, fomu ikafuata kwa kumbukumbu.

Kwamba akina mama wa vijijini hawawezi teknolojia, hilo nitalijibu kwa ufupi kwa kuwa linaudhi. Wanawake haohao wamekuwa wakituma na kupokea fedha kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, na wanazitunza namba zao za siri. Fomu inaandikwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa fomu hizi hutengenezwa kwenye jedwali la kawaida, lugha ya pili ni safu moja ya ziada, na kila swali linaweza kuambatanishwa na sauti iliyorekodiwa, hata ya Kikurya, kwa asiyesoma vizuri. Anayeandaa fomu ya maswali sitini kwa Kiingereza kisha akasema wanakijiji hawawezi, ajiangalie yeye kwanza.

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliheshimu. Wapo wanaosema zana hizi ni hatari kwa siri za wasichana. Wana haki ya kuogopa. Msichana aliyekimbia hutafutwa na ndugu, ng'ombe wa mahari wameshahesabiwa, na aliyetoa taarifa anaweza kutengwa na ukoo wake. Makosa yanayoweza kumfichua ninayajua, na mengi yanafanywa kwa nia njema. Jedwali lenye majina ya wasichana linawekwa mtandaoni kwa mpangilio wa "yeyote mwenye linki", linki inatupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia, na hapo siri imekwisha. Picha inapigwa ikiwa imebeba ndani yake mahali ilipopigwa. Barua ya kituo inachapwa stesheneri na faili linaachwa kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaikalia. Tovuti inaonyesha uso wa mtoto na jina la kijiji chake ili mfadhili aguswe.

Hata hivyo ukitazama vizuri, daftari la karatasi lililo wazi mezani lina hatari zilezile, tena halionyeshi nani alilisoma. Dawa ni kutenganisha. Barabara, zahanati, shule, kituo cha polisi na majina ya vitongoji viwekwe kwenye ramani ya wazi, kila mtu avione. Taarifa ya msichana isikanyage kabisa ramani hiyo. Ikae kwenye fomu zenye mlango wake, na ODK inakuruhusu kuisimba taarifa tangu ikiwa kwenye simu, isisomeke na asiye na ufunguo. Kwenye majedwali tumia namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na jina ikae faili jingine lenye watu wawili au watatu tu. Shiriki kwa anwani ya barua pepe ya mtu mmoja mmoja. Akaunti iwe ya asasi, yenye uthibitisho wa hatua mbili, isiwe ya kijana wa ofisini anayeweza kuhama kesho na funguo zote. Anayeondoka aondolewe ruhusa siku hiyohiyo. Na historia ya mabadiliko, ambayo hati za mtandaoni huitunza zenyewe, isomwe kila wiki ionekane nani alibadili nini. Hayo yote ni bure, yamo ndani ya zana ambazo watu wanazo tayari, na wengi hawajawahi kuyafungua.

Hili limeshakuwa suala la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Asasi isiyojua jedwali lake limeshirikiwa na nani iko upande mbaya wa sheria hiyo.

Wapo pia wanaoonya kwamba cha bure leo kitafungwa kesho. Ni kweli, vinafungwa. Google Map Maker ilifungwa Machi 2017, na Fusion Tables, iliyopendwa na wengi kwa ramani za haraka, ikafungwa Desemba 2019. Lakini linganisha na kilichotokea kwa MAPS.ME, programu ya ramani za simu: ilipouzwa mwaka 2020, baadhi ya watengenezaji wa awali walichukua msimbo wake huria na kuanzisha Organic Maps, na ramani ya OpenStreetMap chini yake ikabaki ileile. Cha kampuni hufungwa na mwenye kampuni, ilhali kilicho huria kinaweza kuendelezwa na mwingine. Kwa hiyo yaliyo kwenye hati na tovuti za kampuni yapakuliwe kila mwezi na kuwekwa kwenye diski ya asasi, na maneno ya tovuti yaandikwe kwanza kwenye faili lako ndipo yapandishwe.

Mwisho, husemwa kwamba ramani haibadilishi mila. Haibadilishi, na sijamsikia mtu wa Mugumu au wa kituo cha Masanga kule Tarime, ambacho hupokea mamia ya wasichana msimu ukifika, akidai hivyo. Sheria ya Tanzania ya 1998 ilishaweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara waliokuwa na miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 asilimia 28. Kushuka huko siwapi sifa wachora ramani. Ni kazi ya walimu, viongozi wa dini, polisi, wazee waliokubali kubadilika, na wasichana wenyewe waliokataa. Ramani ina kazi moja ndogo: gari likitoka kituoni saa tisa usiku, lifike nyumba sahihi kwa njia inayopitika. Kwa msichana aliye ndani ya nyumba hiyo, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwalimu wa kompyuta, mtendaji wa kijiji, kijana uliyehitimu na uko nyumbani Nyamwaga, Muriba au Majimoto: kabla shule hazijafungwa, fungua OpenStreetMap, tafuta kitongoji chako, weka majina yaliyokosekana na njia zisizopitika mvua ikinyesha. Nawe uliye na jedwali la wasichana mtandaoni, lifungue leo uangalie limeshirikiwa na nani. Na yeyote mwenye taarifa ya mtoto aliye hatarini asisubiri ramani wala fomu: namba 116 hupigwa bure kutoka popote Tanzania.